Yatima au Hitima

Harufu ya karafuu maiti siipendi tangu mdogo, na sababu yake ilikuwa imenitoka akilini miaka na miaka, mpaka juzi walipokuja kuniita tukamwoshe jirani yangu, Bi Kazija binti Omar. Waoshaji wa siku hizi ni wasichana, hutaka mzee mmoja akae pembeni awaelekeze. Nikakaa. Mkwe wa Kazija akafungua kikaratasi, akaanza kuziponda karafuu maiti kwenye kinu kidogo, na ule ubaridi wake ukanipanda puani, nikajikuta nalia. Watu wakadhani namlilia Kazija. Kazija namlilia, lakini yaliyonitoka siku ile yalikuwa machozi ya zamani, ya kaka yangu Shaame na ya Bi Mgeni.

Sisi tulikaa Pemba ya kusini, bondeni, kando ya njia inayotoka Mtambile kwenda Kengeja. Baba yetu, Faki Makame, alikuwa mchumaji wa karafuu. Nyie mlioishi huko mnajua, tawi la mkarafuu halina huruma, huvunjika ghafla bila kukupa habari. Lilimvunjikia baba mimi nikiwa bado nanyonya. Mama, Bi Tatu binti Khamis, akabaki na sisi wawili, Shaame na mimi Mize, na alipotoka edani akaenda kufanya kazi nyumbani kwa Bibi Raya. Kufua, kutwanga, kuchota maji, kuanika karafuu wakati wa msimu na kuzianua mvua ikinyesha.

Bibi Raya alikuwa Mwarabu wa shamba, mjane, hana mtoto. Mikarafuu yake ilianzia nyuma ya kisima ikashuka bondeni mpaka karibu na mikoko. Meno yalikuwa yamemwisha, na akitukana maneno yalitoka na upepo mwingi, hata aliyetukanwa hakujua katukanwa nini hasa. Aliyemfahamu kila neno ni mtu mmoja tu, Bi Mgeni. Mama yake Bi Mgeni alikuwa mtumwa wa nyumba ile, na Bi Mgeni mwenyewe alizaliwa utumwa ukiwa ndio unaondoka, lakini watu wa pale hawakuacha kumwita mzalia. Alikuwa mtu mzima asiye na mume wala mtoto, mrefu, mweusi wa kung'aa, mcheshi mwenye kinywa kikali. Alikuwa na kibanda chake ukingoni mwa shamba, kuta za udongo alizozikandika mwenyewe na paa la makuti, na vijishamba viwili vya mihogo. Nikitafutwa nyumbani sionekani, nilikuwa kwake.

Bibi Raya alipozidiwa, waliokuwa naye kitandani ni wanawake hao wawili. Mama kamshika mgongo, Bi Mgeni anamnywesha maji kwa kijiko. Nyuma ya pazia la mlango walisimama wanaume wawili walioitwa wasikie wasia. Mmoja ni Bwana Seif, mtoto wa kaka yake, ndiye mrithi. Wa pili ni Maalim Hamad, aliyekuwa akisomesha skuli ya Mtambile. Bibi Raya akasema mikarafuu ya bondeni kaiweka wakfu, isomeshe yatima. Wakfu haiuzwi wala hairithiwi, hufanya kazi ile aliyoitaja mwenyewe basi. Hakumaliza siku nyengine, akafa.

Muda haukupita, Shaame akafaulu mtihani wa kwenda skuli kubwa ya Unguja. Wakati ule kutoka kusini kwetu huko alikuwa haendi mtu, labda mtoto wa tajiri. Maalim Hamad alikuja kutuletea habari huku kanzu imemlowa jasho, maana alikuwa kakimbia. Mama hakufurahi. Alikaa juu ya kinu akasema, "Maalim, dahalia ina malipo. Ina viatu. Mie nimtolee wapi viatu?"

"Bi Tatu, umesahau? Mikarafuu ya bondeni. Shaame si yatima?"

Bi Mgeni alikuwepo, akapiga kigelegele peke yake, kisha akanishika mabega akanizungusha. "Mize we! Kaka yako anasomeshwa kwa karafuu za maiti! Hazina wa kuzililia hizo!"

Basi mimi nikaganda. Karafuu maiti nilizijua. Nilikuwa nimechungulia Bibi Raya alipokuwa anaoshwa, nikaona vile vipande vyeupe vinapondwa, nikasikia harufu inayokata pua, nikaambiwa hizo ndizo karafuu maiti, wanapakwa waliokufa. Na kusoma nako nilikujua. Bibi Raya alipozikwa walikuja watu wakamsomea, wakala, wakaondoka. Kwa akili yangu ya mtoto, mtu anayepewa karafuu za maiti, kisha akasomeshwa, akapelekwa mbali kwa meli, huyo hakuwa na safari nyengine ila moja. Na wakubwa wanashangilia! Nilimshika Shaame kanzu nikapiga kelele asende. Yeye akacheka, "Mize, naenda kusoma tu, nitarudi." Neno hilo la kusoma likazidi kunitia hofu.

Akaenda kweli, na likizo akarudi mzima. Hata hivyo kila akirudi nilikuwa nasubiri alale mchana, naenda kunusa nguo zake. Zilinuka sabuni na moshi wa meli. Nikimnusa ndio naweza kula.

Mwaka wa kwanza ukapita hivyo, na wa pili. Vita vya Wazungu vikawa vimeanza huko mbali, na kwetu vilifika kwa njia ya tumbo. Mchele ukawa hauonekani, nguo hazipatikani, watu wanavaa viraka juu ya viraka. Bwana Seif naye, pamoja na mali yake, akaanza kubanwa. Alikuwa ndiye msimamizi wa ile wakfu, na kila akipita bondeni akaona karafuu zile zimeiva nyekundu na si zake, uso ulikuwa ukimbadilika. Hayo mama aliyaona mapema. Mimi niliona anacheka tu, maana alikuwa na jino la dhahabu na likimeta nilidhani anacheka.

Siku moja Shaame alikuwa anafunga sanduku lake la bati, likizo imekwisha. Bwana Seif akaingia uwanjani kwetu, hakukaa ingawa mama alimtandikia jamvi.

"Bi Tatu, kijana asifunge sanduku."

"Kuna nini, Bwana Seif?"

"Shangazi kanijia ndotoni. Analalamika. Nikakaa nikayakumbuka maneno yake sawasawa. Hakusema isomeshe yatima. Alisema isomeshe hitima."

Mama akalikunja lile jamvi. Kisha akasema, "Miaka miwili ulisikia vizuri."

"Mtu hukumbuka, Bi Tatu. Marehemu hana meno, sisi tuko nyuma ya pazia. Yatima, hitima. Mimi siwezi kumnyima shangazi yangu Kurani yake nikampa kijana avae suruali."

Mkaona? Kusomesha hitima ilikuwa ni kuita wasomaji mara moja kwa mwaka, sinia la wali, kahawa, wakashukuru wakaenda zao. Karafuu zote zilizobaki angeziuliza nani? Maneno mawili yanafanana hata mtu akiwa na meno yake kamili, na katikati ya maneno hayo mawili kaka yangu akawa amesimama na shati la skuli mkononi, hajui alitie sandukuni au alitoe. Alikuwa kabakisha miaka miwili amalize. Na Maalim alikwishatuambia, meli ijayo ikitoka bandarini Wesha bila Shaame, nafasi yake anapewa mwengine. Wanaoingoja walikuwa wengi.

Maalim Hamad hakukubali. Akapeleka shauri kwa Kadhi, mjini Chake. Kadhi akamsikiliza yeye na Bwana Seif, kila mmoja akasema alivyosikia kwa nyuma ya pazia, mmoja yatima mmoja hitima. Mama naye akasema, lakini akaambiwa, "Wewe ni mzazi wa huyo anayetaka kusomeshwa, ushahidi wako una mwanao ndani yake." Kisha Kadhi akauliza nani mwengine alikuwa karibu na mdomo wa marehemu. Wakamwambia Mgeni. Akasema aletwe Jumatano.

Kabla ya Jumatano hiyo Bwana Seif alikwenda kwa Bi Mgeni, na mimi nilikuwepo, nimekaa na kisu namenya mihogo. Alikuja na kanga mpya, doti nzima, wakati ambao watu walikuwa wakizikwa kwa sanda za kuunganisha. Akaiweka juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Mgeni," akasema. Alimwita hivyo hivyo, bila ya Bi, na alikuwa mdogo kwake. "Wewe ni mtu wa nyumba yetu. Umekulia kwetu."

"Kweli, Bwana Seif. Na kuzeekea."

"Utamwambia Kadhi nini?"

"Ataniuliza nini?"

"Usinifanyie mzaha, Mgeni. Shangazi alisema hitima."

Bi Mgeni akaichukua ile kanga, akaikunjua, akayasoma maandishi yake kwa vidole kama kipofu, ingawa kusoma hakujua. "Nzuri. Imeandikwa nini?"

Bwana Seif akacheka, lile jino likameta. "Imeandikwa mambo ya mapenzi."

"Loo, na umri huu!" Akaikunja tena taratibu, pembe juu ya pembe, akamrudishia. "Mpelekee mkeo."

Yule bwana hakuipokea mara moja. Akatazama juu, kwenye makuti ya paa la Bi Mgeni, akatazama mihogo yake, akatazama mlango. Akaichukua kanga akaenda zake. Bi Mgeni akakaa chini, akanipokonya kisu, akaanza kumenya mihogo yeye.

Mama alipopata habari akaja mwenyewe, jioni hiyo hiyo, akasimama mlangoni. Nilidhani kaja kumsihi. Kumbe alikuja kumwambia asiende. "Dada Mgeni, mie sitokulaumu. Shaame atachuma karafuu kama baba yake. Wewe huna pahala pengine."

"Achume kama baba yake? Naye aanguke afe?" Bi Mgeni akamjibu kwa ukali. "Sikiliza, Tatu. Nimemuosha yule bibi, nimemlisha, nimemtoa taka zake miaka mingapi. Kafa hakuniachia hata leso. Kaniachia neno lile moja alilosema mimi nimemshika kidevu. Sina urithi mwengine. Na hilo nalo niliuze kwa kanga?"

Mama akalia. Bi Mgeni akamwambia, "Lia nje, mwanangu, moshi umejaa humu."

Jumatano tulikwenda Chake sote. Tulitembea mpaka Mtambile, tukapakiwa juu ya lori la Bwana Khamis Utingo lililokuwa likibeba magunia, na watu wengi wakatufuata, maana habari ilikuwa imeenea. Barazani kwa Kadhi wanaume walikaa mbele, wanawake upande wa ukutani. Kadhi alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, sauti yake ndogo mpaka watu wakawa wanazuia kukohoa.

"Wewe ndiye Mgeni binti nani?"

"Binti Mabruki, Shehe."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nimemshika kidevu, Shehe, maji yasimwagike."

"Alisema nini? Sema kama alivyosema, usiongeze wala usipunguze."

Bi Mgeni akauliza, "Kama alivyosema, Shehe? Vile vile?"

"Vile vile."

Basi akavuta midomo ndani ya meno, mashavu yakambonyea, mabega akayashusha, na wallahi nyie, Bibi Raya akaingia pale barazani. Sauti ile ile, upepo ule ule. "Ifomefe yatima! Yatima, Mgeni, fikio lako limekufa?" Watu wakashituka. Mama mmoja nyuma yangu akasema Audhubillahi. Na Bi Mgeni hakuacha. "Nikamuuliza, Bibi, wasema hitima? Akanitukana mama yangu na bibi yangu. Akasema, 'Hitima ya nini! Hitima watanifomea wenyewe, wafiponifomea fitaki. Yatima! Mtoto wa yule alieanguka!'"

Watu walianza kucheka kimyakimya, ukutani na mbele. Hata Kadhi akaivua miwani akawa anaifuta, na mdomo kauuma. Wote waliomjua Bibi Raya walijua kuwa hilo ni lake, hakuna awezaye kulitunga. Niliyemwona hacheki ni mmoja, Bwana Seif. Alikuwa anamtazama Bi Mgeni kama mtu anayepima mti.

Kadhi akahukumu karafuu za bondeni zimsomeshe Shaame mwana wa Faki mpaka amalize, na wakfu ile aisimamie Maalim Hamad. Ijumaa yake tukampeleka Shaame Wesha, akapanda mashua iliyompeleka kwenye meli. Safari hii mimi sikumnusa. Nilikwishaelewa kusoma kwake ni kusoma gani, na karafuu zake ni karafuu gani. Nilikuwa na furaha nyepesi, nikarudi njia nzima naruka. Mtoto hajui kwamba mambo yakiondoka kwa mmoja huenda kwa mwengine.

Siku ya pili asubuhi walikuja watu watatu kwa Bi Mgeni. Majina yao nayajua: Juma Kitwana, Omar Shoka na Mbarouk wa Bi Siti. Si watu wabaya. Wote walikuwa wachumaji wa Bwana Seif, wana njaa zao, na wote wamekwishatangulia, Mungu awarehemu. Bwana Seif alikuja nao, akasimama chini ya kivuli na mwavuli wake.

"Mgeni," akasema, "Kadhi kasema haki irudi kwa mwenyewe. Na mimi nataka haki yangu. Nyumba yako sikuigusa. Kuta umekandika wewe, zako. Miti ya kuta umekata mikokoni, yako. Lakini makuti haya yametoka kwenye minazi yangu. Nachukua makuti yangu tu."

Wakapanda wakaezua. Bi Mgeni alikaa juu ya jiwe la mlangoni mwake. Vumbi na mende vikamwagika, panya wakaruka. Omar Shoka alipokuwa juu anakata kamba, akamwambia kwa chini, "Nisamehe, Bi Mgeni." Naye akamjibu kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Angalia usianguke, Omar. Ukianguka mwanao atakuwa yatima, na karafuu za bondeni zimekwishapata mwenyewe." Omar akacheka, kisha akaficha uso.

Mimi nilikuwa nimemshika Bi Mgeni kanga. Niliona kitanda chake cha kamba, chungu chake, na mkeka, vyote viko juani, na mbingu moja kwa moja juu yake. Sikuwahi kuona ndani ya nyumba ya mtu kuna mwangaza kiasi kile. Nikasema, na haya ndio maneno ya mtoto, "Bi Mgeni, sasa utaona nyota." Akanipapasa kichwa. "Ndio, mwanangu. Na nyota zitaniona."

Makuti mengine hakupata. Hakuna aliyethubutu kumuuzia wala kumpa, maana minazi yote ya karibu ilikuwa ya Bwana Seif au ya jamaa zake. Mama akamtaka aje kwetu, akakataa. Alilala mle ndani ya zile kuta kwa ubishi, kajitandia magunia. Kisha masika ikaingia. Masika ya Pemba mnaijua, si mvua ya kusimama ukaisubiri. Ilinyesha mpaka kuta zikaanza kuteremka, zikalainika, zikawa zinaanguka vipande vipande huku yeye yumo. Mama na Maalim Hamad walikwenda kumtoa kwa nguvu. Alipofika kwetu alikuwa anakohoa, na kikohozi kile hakikutoka tena. Pale palipokuwa na kibanda pakabaki kilima kidogo cha udongo, mihogo ikaota juu yake bila ya kupandwa.

Shaame hakuambiwa. Mama alimkataza kila mtu, hata Maalim akatii. Lakini likizo ilipofika akaja, na wa kwanza aliyemwona kalala ukumbini kwetu ni Bi Mgeni, kawa mwembamba mifupa inahesabika. Akauliza. Nani angesema? Wakubwa wakaangaliana. Nikasema mimi. Nilimwambia yote, na makuti, na mwavuli wa Bwana Seif.

Shaame akatoka nje akakaa ukingoni mwa kisima mpaka jua likapinda. Aliporudi akasema, "Mama, sirudi Unguja. Nitafute kibarua nimjengee Bi Mgeni."

Bi Mgeni alijiinua juu ya kiwiko, na ile sauti yake iliyokuwa imekwisha ikarudi nzima. "Umesema nini, mjinga we? Mie nimeezuliwa, kisha wewe urudi ukae hapa unitazame? Kwa hivyo nimeezuliwa bure! Seif atacheka mpaka jino limtoke. Nenda! Nenda kabla sijakutukana kwa kinywa cha Bibi Raya."

"Bi Mgeni, utakufa."

"Nani hafi? Lakini sitaki kufa na hasara."

Akaenda. Alikwenda huku analia, kijana mkubwa, ndevu zimeanza kumtoka. Na kuanzia hapo hakucheka tena na sisi kama zamani. Akija likizo alikuwa kama mgeni mwenye deni, anakaa karibu na kitanda kile, anachota maji, anakuna nazi kazi ya kike, na watu wakimtania hajali.

Akamaliza. Katika wale wa kusini kwetu wasiokuwa na baba wala mali, ndiye wa kwanza niliyemjua mimi kumaliza. Alirudi kwa meli ile ile, sanduku lile lile la bati, na hakukuwa na kigelegele, maana mpiga vigelegele wetu alikuwa amebakiwa na pumzi za kunong'ona tu. Shaame akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nashikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Chote? Hakikubaki hata kipande?"

"Chote."

"Basi nisomee."

Shaame akatafuta msahafu kwa macho. "Nikusomee Yasini?"

"Yasini watanisomea nikishakufa. Nisomee hicho cha huko, ulichokwenda kukisoma. Sijakisikia hata siku moja."

Shaame akafungua sanduku akatoa kitabu cha Kizungu, akasoma. Sote tulikuwepo, mama na mimi na Maalim Hamad mlangoni. Yalikuwa maneno yasiyo na kichwa kwetu. Bi Mgeni alifumba macho, anasikiliza kwa makini, kichwa anakitikisa kidogo mahali ambapo sauti ilipanda. Akanyoosha mkono, Shaame akanyamaza.

"Chasema nini?"

"Chaeleza nchi za baridi, Bi Mgeni. Huko baridi ikizidi maji huganda mbinguni, yakaanguka meupe kama sufi. Yanarundikana juu ya mapaa mpaka yakawa mazito. Watu hupanda na makoleo wakayapakua, mapaa yasije yakavunjika."

"Kila mtu hupanda juu ya paa lake?"

"Kila mtu lake."

"Na wakilipakua likapona, hulala chini yake?"

Shaame akakifunga kitabu. Akasema, "Bi Mgeni, nitakusomea pengine. Hapa si pazuri."

"Fungua."

"Bi Mgeni..."

"Fungua hapo hapo, Shaame. Usinichagulie. Mie nimekitolea paa langu, hicho ni changu, nataka kukisikia."

Akafungua, akarudi kusoma pale pale penye mapaa, na Bi Mgeni akafumba macho, akasikiliza.